Kofia Nambari Ishirini na Saba

Jumamosi ile Mahadhi hakwenda Watamu, na hilo peke yake lilitosha kumshangaza mkewe. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akinunua kamba na ngisi kwa wavuvi wa kule na kuwauzia wapishi wa mahoteli, na kila wiki alilala huko siku mbili, mara nyingine tatu, kwa sababu, alivyopenda kusema, ngisi hamngoji mtu arudi Malindi kula wali wa mkewe. Leo alikuwa ameketi mkekani amejifunga shuka, anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Khamisa," akasema, "si lazima uende huko."

"Wapi?"

"Huko kwenye michoro. Mwanao Harusi si mtoto mchanga. Ana miaka kumi na sita, njia anaijua."

Khamisa alikuwa anavaa buibui lake. "Imeletwa michoro zaidi ya mia, Mtwapa mpaka Mambrui. Waamuzi wametundika thelathini tu, na wa mwanao umo. Wa kwanza analipiwa karo miaka miwili, skuli ya bweni, Mombasa. Mie nikae hapa nifanye nini?"

"Watu watajaa. Wanaume na wanawake wamechanganyika."

"Na sokoni wanachanganyika na nani?"

Mahadhi akanywa chai yake kwa mkupuo mmoja, ingawa ilikuwa imepoa. Kwa kawaida hakuwa mume wa kumzuia mke kutoka. Khamisa akamtazama, akadhani ni aibu ya karo. Harusi alimaliza skuli ya msingi akafaulu, kisha akakaa nyumbani mwaka na nusu kwa kuwa babake alisema biashara imelala, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kumchorea mamake viua vya kofia kwa penseli juu ya kitambaa cha bafta, ili mama atoboe na kushona. Mkono wake wa kuchora aliupata hapo, kwenye kofia za watu. Mama alimwonea huruma mumewe. Mtu mzima kuona mwanawe anatafutiwa karo na penseli si jambo dogo, alijiambia.

"Twende sote basi," akasema. "Harusi atafurahi."

Harusi, aliyekuwa mlangoni viatu mkononi, akasema, "Twende, baba. Nambari yangu ni kumi na nne."

Mahadhi akainuka kutafuta shati.

Ukumbi wa jamii ulikuwa umepakwa chokaa upya kwa ajili ya tamasha. Nje palikuwa na ngoma na kwaya za watoto wa skuli, ndani palikuwa na michoro, imebandikwa kwa pini kwenye mbao ndefu, kila mmoja na nambari yake, anwani yake, umri wa mchoraji na mji aliotoka. Majina hayakuwapo. Yalikuwa yamefungwa kwenye bahasha, na bahasha ziko mezani kwa waamuzi, ili asije mtu akampa ushindi mtoto wa shangazi yake. Sharti la mashindano lilikuwa moja tu: uchore kwa penseli kitu ulichokiona kwa macho yako, si cha kunakili kitabuni wala cha kubuni.

Harusi alikuwa amechora mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi yao wenyewe, ya nyumbani, yenye mguu uliopigwa kiraka cha bati, na machicha yamemwagika chini. Watu waliopita mbele yake walicheka kwa raha, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mbuzi kama ile kwao. Khamisa akasimama hapo muda mrefu kuliko inavyostahili. Alijisikia mrefu.

"Mama," Harusi akasema kwa sauti ya chini, "umeiona ishirini na saba?"

"Ina nini?"

"Inanishinda. Kaitazame."

Pale penye ishirini na saba watu walikuwa wamesongamana. Khamisa akapenya kwa bega. Ilikuwa ni kofia tu, imetundikwa kwenye msumari ukutani, na kando yake mkono wa shati la mwanamume. Basi. Lakini aliyechora alikuwa ameihesabu ile kofia tundu kwa tundu. Ukanda wa pembeni wote ulikuwa wa viua, na kila ua lilikuwa na vidole vinane vilivyochanua kutoka katikati, na kati ya ua na ua msururu wa matundu matatu matatu. Khamisa aliusoma ule ukanda kushoto kwenda kulia, polepole, kama afanyavyo kila aonapo kofia ya mtu, kutafuta makosa ya fundi mwenziwe. Karibu na mshono wa nyuma akafika kwenye ua lenye vidole saba.

Akalihesabu tena. Saba.

Lile kosa alilijua. Lilikuwa lake. Siku aliyolishona, Harusi alikuwa na surua, homa kali, na yeye anashona huku anamtazama mtoto, akapoteza hesabu. Bafta ikishatobolewa haizibiki, kwa hiyo ua akaliacha na vidole saba akaendelea mbele. Alipoimaliza ile kofia, baada ya miezi minane, Mahadhi alilibusu lile ua akasema hilo ndilo litakalomtambulisha kuwa kofia ni yake. Aliivaa kila Ijumaa na kila Idi. Kisha Ramadhani iliyopita akarudi nyumbani kichwa wazi, karibu kulia, akasema ameivua msikitini anatawadha, alipogeuka haipo. Aliyekuwa karibu naye, alisema, ni jirani yao, Mzee Bwanamkuu. Hakumtaja kwa wizi. Alisema tu kwamba alikuwa karibu. Tangu siku hiyo Khamisa hakumpelekea tena yule mzee mjane sahani ya futari, wala ya Ijumaa, naye mzee hakuuliza kwa nini.

Na sasa kofia ni hii hapa. Wa kwanza kumjia akilini alikuwa mwizi. Mwizi ni mtu mwenye mtoto mchoraji, si jirani yao! Akajisikia mshindi, na papo hapo akajisikia vibaya kwa ajili ya Mzee Bwanamkuu. Akageuka amtafute mumewe katikati ya vichwa vya watu.

"Mahadhi, njoo! Njoo uone, mwizi wako nimempata!"

Watu wakageuka. Mahadhi alikuwa amesimama hatua sita tu nyuma yake. Hakuutazama mchoro. Alikuwa akiangalia sakafu, na uso wake ulikuwa umelowa jasho mpaka kidevuni, na ukumbi ule ulikuwa na madirisha manane yote wazi.

Khamisa akaurudia mchoro. Chini ya nambari palikuwa na maandishi ambayo hakuyasoma kwanza kwa sababu ya haraka ya kuhesabu matundu. *Kofia ya Baba. Miaka 10. Watamu.*

Akayasoma mara ya pili. Alishika ule ubao wa michoro, ubao ukayumba, na mtu mmoja akamwambia angalia mama, utatuangushia.

Yeye na Mahadhi walisimama kwenye baraza ya nyuma, penye mitungi ya maji ya wageni. Khamisa hakulia. Alikuwa ameshtuka mno kulia; maneno yalimtoka moja moja, mepesi, kama anayeuliza bei.

"Ni mke?"

"Ni mke. Wa ndoa. Mashahidi walikuwapo."

"Mwaka gani?"

"Khamisa, hapa si mahali…"

"Mwaka gani?"

"Sabini na tano."

Harusi alikuwa na miaka mitano. Huo ndio mwaka Mahadhi alioanza biashara ya kamba. Khamisa alikumbuka alivyomfungia mikate ya safari yake ya kwanza.

"Mtoto anaitwa nani?"

Mahadhi akapangusa jasho. "Hindu."

Hindu lilikuwa jina la mamake Mahadhi. Khamisa ndiye aliyemuuguza yule bibi miaka miwili, akimgeuza kitandani kwa mikono yake, mpaka akafa.

"Nilitaka kukwambia," Mahadhi akasema. "Kila mwezi n'likitaka kukwambia. Dini imeruhusu, weye wajua."

"Dini iliruhusu uoe. Iliruhusu na kofia iibiwe?"

Mahadhi akaitazama mitungi ya maji. Juzi, kule Watamu, mtoto alimrukia mlangoni akamweleza kwamba amechora kofia yake na waamuzi wameikubali, na yeye akala chakula chake bila kujua anatafuna nini. Alifikiria kwenda kuubandua ule mchoro. Alifikiria kumfungia Khamisa mlango. Mwisho aliishia kukoroga chai.

Mlango ukafunguliwa akatoka Labhuben, mwalimu wa uchoraji aliyestaafu, mke wa Tribhovan mwenye duka la vitambaa. Alikuwa mmoja wa waamuzi, na bafta yote ya Khamisa ilitoka dukani kwao, kwa hiyo walifahamiana miaka.

"Khamisa, nimekutafuta kila mahali. Tuna shida, tunakutaka wewe." Hakuziona nyuso zao, alikuwa na haraka. "Tumekubaliana, ishirini na saba ni ya kwanza, kumi na nne ya pili. Sasa Bwana Garama, yule mwamuzi wa Kilifi, anasema kofia ile ni ya kubuni. Anasema kofia ya kweli haiwezi kuwa na ua moja la vidole saba, fundi gani atashona hivyo? Ikiwa ya kubuni inatoka, kumi na nne inapanda. Wewe ndiwe fundi wa kofia mji huu. Njoo useme tu, kofia kama ile ipo au haipo."

"Mwalimu, nisamehe," Khamisa akasema. "Na mie nina mwanangu humu. Uliza mwengine."

"Mwanao ni nambari gani sitaki kujua. Nani mwengine wa kumuuliza? Nakungoja ndani." Akarudi.

Mahadhi akasogea karibu. Sauti yake ilikuwa imerudi, na ilikuwa sauti ya biashara.

"Kumi na nne ni Harusi."

"Najua kumi na nne ni nani."

"Basi sema hujapata kuona kofia ya namna ile. Neno moja tu. Mtoto ataingia skuli. Bahasha ya ishirini na saba haitafunguliwa, jina halitasomwa, wala watu hawatatufanya mazungumzo. Yetu sisi tutayamaliza nyumbani." Akamshika mkono kwa upole. "Fikiria mwanao, Khamisa."

Miaka kumi na mmoja, na hatimaye Mahadhi alikuwa amepata namna ya kumlipia Harusi karo. Khamisa akautoa mkono wake. Kilichomuuma ni kwamba neno lile lilikuwa tamu. Alimwona Harusi na sare mpya na sanduku la bati, anapanda basi la Mombasa. Alimwona wazi kabisa, mpaka na mkoba.

Meza ya waamuzi ilikuwa mbele, na watu walikuwa wamekwisha kukaa. Ule mchoro wa kofia walikuwa wameubandua wakauegemeza kwenye jagi la maji. Bwana Garama, mtu mpole mwenye miwani, akainuka kumpisha Khamisa apate kuona vizuri.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Mimi si mtaalamu wa kofia, babangu hakuvaa. Lakini mtoto wa miaka kumi, na ua la ajabu namna hii… Wewe sema. Kofia hii ipo, ama mtoto ameitunga?"

Khamisa aliwatazama watu. Harusi alikuwa safu ya tatu, amefumbata mikono, macho makavu, hajui lolote. Mahadhi alikuwa amesimama kwenye nguzo. Karibu na mlango alikaa mwanamke mwembamba wa buibui, na mbele yake, ukingoni mwa kiti, mtoto wa kike aliyesukwa mikia miwili, ameikaza midomo kama anayengojea kuchomwa sindano. Alikuwa na paji la uso la Mahadhi. Khamisa hakuwa na haja ya kuonyeshwa.

Mtoto yule alikuwa anamwangalia yeye. Ukumbi mzima ulikuwa na watu wazima waliodhani amesema uongo, na yeye anamwangalia mama mmoja asiyemjua, amwambie kama ameamini.

"Ipo," Khamisa akasema.

"Una hakika, mama? Hili ua…"

"Lina vidole saba. Ni lile la mwisho kabla ya mshono wa nyuma. Na upande usioonekana kwenye mchoro, ukanda umeungwa kwa uzi mweupe zaidi, sababu ule wa kwanza ulimalizika."

Bwana Garama akatabasamu. "Umeijuaje mpaka huko?"

"N'liishona mie. N'limshonea mume wangu."

Watu wa mbele walisikia. Wa nyuma wakawauliza wa mbele. Bwana Garama, ambaye alikuwa mgeni na hakumjua mume wa mtu, alifurahi kwa dhati. Akasema ushahidi umetimia na kumi na nne ibaki ya pili, akachukua bahasha mbili akazipasua kwa kisu kidogo.

"Mshindi wa kwanza, Hindu Mahadhi, wa Watamu."

Makofi yalianza upande wa mlango.

"Wa pili, Harusi Mahadhi, wa Muyeye, hapa hapa Malindi."

Makofi yakapungua, yakafa. Labhuben alimnyang'anya mwenziwe vile vikaratasi akavisoma mwenyewe, kimoja, kisha cha pili, kisha akainua macho kumtafuta Khamisa, na mkono wake ukaenda mdomoni. Mwanamke mwembamba alikuwa amesimama. Yeye aliambiwa kwamba mke wa Malindi aliachwa kabla ya yeye kuolewa. Hilo ndilo aliloishi nalo miaka yote, na sasa alikuwa anamtazama huyo aliyeachwa akiwa amesimama mbele ya watu, anamwita Mahadhi mume wangu. Wanawake wale wawili waliangaliana, na haikujulikana ni yupi aliyetahayari zaidi.

Mtoto ndiye ambaye hakuona lolote. Alishuka kitini akakimbia moja kwa moja mpaka kwenye nguzo.

"Baba! Nimeshinda, baba!"

Akamkumbatia Mahadhi kiunoni. Mahadhi aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akautoa, hakujua auweke wapi. Khamisa aliligeukia jambo moja tu ambalo aliweza kulivumilia kulitazama, nalo lilikuwa Harusi. Harusi alikuwa amesimama. Alikuwa anahesabu, mama aliona midomo yake ikitikisika. Kumi, kumi na sita. Kisha akamwangalia babake, na uso wake ukageuka wa mtu mzima hapo hapo, mbele ya watu.

Khamisa na Harusi walipokuwa wanatoka, Hindu aliwakimbilia na karatasi yake ya ushindi. Alikuwa amefunzwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ahsante kwa kusema kweli. Mama aliniambia niweke vidole vinane ili lipendeze. N'kakataa. N'lihesabu mara tatu."

Khamisa alitafuta chuki ndani ya kifua chake, na ilikuwapo, nyingi, lakini haikuwa na la kumfanya mtoto huyu.

"Ulihesabu vizuri," akamwambia.

"Lakini baba alisema aliinunua Lamu," Hindu akasema.

Nyumbani Harusi alilia kwa hasira, amelala kifudifudi kitandani, kopo la kalamu za rangi alilopewa kwa ushindi wa pili likiwa limetupwa chini ya kiti. Khamisa alimwacha mpaka akachoka. Alasiri ilipoingia akamsikia anavuta kamasi.

"Ungesema haipo, ningekwenda Mombasa."

"Ungekwenda."

"Mbona hukusema?"

"Weye ulipoiona uliniambiaje?"

Harusi akageuka chali. "N'likwambia inanishinda."

"Basi."

Hilo halikumpoza Harusi, wala Khamisa hakulitarajia limpoze. Hata yeye mwenyewe halikumpoza. Alikuwa na hofu ya kesho, na ya kesho kutwa, na ya kila mtu atakayekuja kumwuliza habari ya Watamu huku akijua jibu. Alivuta sanduku chini ya kitanda akalifungua. Humo, ndani ya kitambaa safi, kulikuwa na kofia mpya. Tangu Ramadhani alikuwa akiishona badala ya ile iliyoibiwa, ili Mahadhi aivae siku ya Idi. Viua vyote vilikuwa na vidole vinane. Ukanda ulikuwa tayari na kifuniko cha juu kiko tayari. Kilichobaki ni kuviunganisha, kwa kipimo cha kichwa cha mwenyewe.

Aliigeuza mikononi. Kisha akakata uzi mrefu kwenye kibonge, akamwita Harusi.

"Osha uso. Nenda kwa Mzee Bwanamkuu, umwamkie. Mwambie mama anakutaka radhi, na leo usipike, sahani yako inakuja. Kisha mpime kichwa kwa uzi huu, hapa juu ya masikio, ufunge fundo pale unapokutana."

Harusi akautazama uzi, akaitazama kofia, akaelewa.

"Na baba akirudi akiiulizia?"

Khamisa alikuwa amekwisha kutia uzi kwenye sindano.

"Mwambie imeibiwa msikitini."